Unga umegeuka manjano lakini haufanyi kazi: kutafuta kasoro katika kichocheo cha mwanga unaoonekana

Unga wa titani dioksidi, kichocheo kinachotumia nishati ya mwanga kuvunja uchafu, ulikuwa mweupe pee ulipoingia tanurini, umetoka wa manjano. Unaupima, unakuta kweli unameza mwanga wa buluu. Unautia kwenye maji yenye uchafu, unawasha taa, unasubiri saa tatu, na maji yako vilevile. Au linatokea jingine, ambalo kwangu ni baya zaidi: maji yanasafika upesi, unafurahi, kumbe unga haukuhusika.

Nimekaa na tatizo hili kwa miaka, na nimeona watu wengi, mimi nikiwemo, wakianza kutibu pasipouma. Kazi ikiwa ndogo wanaongeza naitrojeni au chuma, vitu vinavyotiwa ili unga umeze mwanga unaoonekana, wanaongeza moto. Wanasahau kwamba kumeza mwanga ni jambo moja na kuutumia ni jambo jingine kabisa.

Titani dioksidi ya umbo la anatase ina pengo la nishati, yaani nishati ya chini kabisa ambayo mwanga lazima uwe nayo ili kuiamsha, la elektroni volti 3.2 (eV). Gawa 1240 kwa 3.2 utapata takriban nanomita 388: mwanga wenye urefu wa wimbi unaozidi hapo hauiamshi. Rutile, ndugu yake, ina pengo la 3.0 eV, kwa hiyo inafika karibu nanomita 413. Mwanga wa jua unaotufikia una urujuanimno wa asilimia 4 hadi 5 tu, ilhali mwanga unaoonekana unakaribia nusu yake. Tangu Akira Fujishima na Kenichi Honda waonyeshe mwaka 1972 kwamba elektrodi ya titani dioksidi iliyomulikwa inaweza kupasua maji, hamu ya kuivuta ihamie kwenye mwanga unaoonekana haijaisha.

Kazi ya kichocheo ina hatua tatu. Kwanza mwanga unamezwa na elektroni inaruka kutoka ukanda wa valensi, ngazi ya nishati iliyojaa elektroni, hadi ukanda wa upitishaji, ngazi ya juu iliyo tupu, ikiacha tundu nyuma yake. Pili, elektroni na tundu wanasafiri hadi juu ya chembe bila kukutana tena njiani. Tatu, elektroni inampata wa kumpokea, kwa kawaida oksijeni, na tundu linampata wa kumnyang'anya elektroni, mara nyingi maji au uchafu wenyewe. Ukijua ni hatua ipi iliyokwama, nusu ya kazi imekwisha. Lakini kabla ya kufika huko, hakikisha kipimo chako hakikudanganyi.

Kagua taa kabla ya kugusa unga

Taa ya LED iliyoandikwa nanomita 405 huhesabiwa kuwa ya mwanga unaoonekana, na kweli jicho linaiona zambarau. Mwanga wake hata hivyo haukai kwenye 405 peke yake. Umetandaa nanomita kadhaa kila upande, na mkia wake unaweza kushuka hadi eneo ambalo anatase inameza. Rutile ndiyo usiseme, maana 405 imo ndani ya uwezo wake. Unga wa P25, titani dioksidi ya dukani ambayo karibu kila maabara huitumia kama kigezo, una anatase kiasi cha asilimia 80 na rutile iliyobaki. Chini ya taa hiyo P25 mweupe, usiotiwa chochote, utafanya kazi. Ukiupima unga wako wa manjano peke yake utaamini umeshinda.

Niliwahi kupoteza wiki nyingi kwa kosa la namna hii. Nilikuwa na taa ya xenon na kichujio cha nanomita 420 mbele yake, na unga niliotia naitrojeni ulikuwa ukitoa matokeo ya kupendeza. Siku moja nikaweka unga mweupe kwenye bika ileile, nao ukafanya kazi kwa kasi ileile. Nilipokitoa kichujio na kukielekeza dirishani, niliona kishikio chake kimelegea upande mmoja. Kioo hakikufika ukingoni. Palikuwa na upenyo kama unene wa kucha, na urujuanimno ulikuwa ukipita hapo kila siku bila kunipigia hodi.

Kwa hiyo, kila mara: pima mwanga wa taa kwa spektromita ukiwa na kichujio mahali pake, si bila hicho. Weka bika ya unga mweupe kama mlinganisho. Weka bika nyingine isiyo na unga, na nyingine yenye unga lakini gizani. Taa ya xenon inapasha joto, na maji yaliyopanda nyuzi 15 yanaweza kubadilisha kasi bila kichocheo kubadilika, kwa hiyo zungushia bika maji ya kupooza.

Rangi ya kipimo inapotea vizuri kupita kiasi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapotelea.

Vipimo vingi hufanywa kwa rangi kama methilini bluu, yenye kilele cha umezaji karibu nanomita 664, au rodamini B kwenye 554. Sababu inaeleweka: rangi ni rahisi kupima, na jicho linaona kazi ikifanyika. Shida ni kwamba rangi zenyewe zinameza mwanga unaoonekana. Molekuli ya rangi inapoamka kwa mwanga inaweza kuimwagia titani dioksidi elektroni yake, kisha yenyewe, ikiwa imepungukiwa, inavunjika. Titani dioksidi hapo ni chombo cha kupokea tu. Haijameza hata fotoni moja, yaani chembe ya mwanga. Ni kiini macho, na kimewahadaa wengi waliokuwa makini.

Angalia bika ya rodamini B kwa karibu. Kama molekuli inavunjwa kuanzia kiini chake, waridi inafifia hapohapo ilipo: kilele cha 554 kinashuka bila kuhama. Lakini mara nyingi utaona waridi ikihama kuelekea manjano yenye ukijani unaong'aa kidogo, na kilele kikisogea polepole hadi karibu 498. Hapo vikundi vya ethili vinang'olewa kimoja kimoja na mwili wa molekuli bado mzima. Ukisoma namba kwenye 554 pekee utaandika kwamba asilimia 90 imeondoka, wakati kaboni karibu yote ingali majini. Soma wigo wote wa umezaji, na ukiweza pima jumla ya kaboni ogania.

Methilini bluu ina hila yake. Ikipokea elektroni pasipo oksijeni ya kutosha inageuka kuwa umbo lisilo na rangi, bila kuharibika. Chukua kichupa ulichokiona kimekuwa kama maji, kifungue, kitikise hewani. Buluu ikirudi, hukuharibu kitu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 10678 cha mwaka 2010 kinatumia methilini bluu, ndiyo, lakini kwa mwanga wa urujuanimno. Kukichukua kile kipimo na kukihamishia mwanga unaoonekana ni kukitumia kwa kazi ambayo hakikuundiwa.

Tiba ni kupima kwa kitu kisicho na rangi. Mvuke wa 2-propanoli unafaa sana: unageuka asetoni kwanza, kisha kaboni dioksidi, na zote mbili zinapimika. Asetaldehaidi nayo ni nzuri. Majini, asidi ya fomiki inafaa. Jihadhari na fenoli na asidi ya salisiliki. Hazina rangi zikiwa peke yake, lakini zikishikana na uso wa titani dioksidi zinaunda muungano unaomeza mwanga unaoonekana, na kiini macho kinarudi kwa mlango wa nyuma.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kupima kasi kwa taa za urefu mbalimbali wa wimbi, mathalani 420, 450, 500 na 550, ukisawazisha idadi ya fotoni, kisha kulinganisha mchoro wa kasi na mchoro wa umezaji. Kasi ikifuata umbo la umezaji wa unga, unga ndio unaofanya kazi. Ikifuata umbo la rangi, ni rangi. Inachukua siku kadhaa, na inaokoa miezi.

Unga una rangi, kipimo ni safi, kazi hakuna

Sasa tumefika kwenye unga wenyewe. Kabla ya yote jiulize: hiyo manjano ni ya nini?

Watu wengi hutia naitrojeni kwa kuchanganya titani dioksidi na urea na kuchoma kwenye nyuzi 400 hadi 550. Njia ni rahisi, lakini urea ikipata moto huo inajiunganisha yenyewe kuwa kaboni nitraidi, ambayo ni ya manjano na ni kichocheo kwa haki yake, chenye pengo la takriban 2.7 eV. Dariusz Mitoraj na Horst Kisch walionyesha mwaka 2008 kwamba unga uliotengenezwa kwa urea, ambao ulidhaniwa una naitrojeni ndani ya fuwele, ulikuwa na mabaki ya jamii hiyo yaliyoshikana na uso. Si jambo baya, ila matibabu yake ni tofauti, kwa hiyo lazima ujue.

Ukitegemea mtawanyiko wa eksirei pekee, kipimo cha kutambua fuwele, utakwama, maana kilele kikuu cha kaboni nitraidi kiko karibu pembe ya nyuzi 27.4, na cha rutile nacho kiko hapohapo. Tumia wigo wa infraredi: kaboni nitraidi ina alama kali karibu 810, na kundi la alama kati ya 1200 na 1650, kwa kipimo cha moja kwa sentimita. Rangi ya kijivu au kahawia nayo mara nyingi ni masizi ya kaboni kutoka kwenye malighafi ogania. Choma tena hewani kwa saa moja. Ikipauka yote na wigo ukarudi wa anatase tupu, huenda ulikuwa na masizi tu.

Tuseme umethibitisha kwamba naitrojeni imo ndani. Ryoji Asahi na wenzake walipochapisha kazi yao kuhusu titani dioksidi yenye naitrojeni mwaka 2001 matumaini yalikuwa makubwa, na tangu hapo maabara nyingi zimekutana na ukweli huohuo: naitrojeni kidogo haisogezi ukanda mzima wa valensi. Inaweka vituo vidogo juu yake, vimetengana kama visiwa. Mwanga wa buluu unaitoa elektroni kwenye kisiwa, sawa, lakini tundu linalobaki limenaswa kisiwani. Halitembei vizuri, na nguvu yake ya kuoksidisha ni ndogo kuliko ya tundu lililozaliwa kwenye ukanda wenyewe. Tena, oksijeni ina chaji ya hasi mbili na naitrojeni hasi tatu, hivyo kwa kila naitrojeni mbili fuwele hulipa kwa kupoteza oksijeni moja. Pengo hilo la oksijeni ni mahali ambapo elektroni na tundu hukutana na kuzimana. Ndiyo maana kuongeza naitrojeni kunaongeza manjano na kupunguza kazi.

Namna ya kuthibitisha: upime unga uleule mara mbili, mara moja kwa urujuanimno na mara moja kwa mwanga unaoonekana, sambamba na unga mweupe wa mwanzo. Ikiwa hata kwa urujuanimno umeshindwa na unga mweupe, basi umeharibu kitu ambacho kilikuwa kizima. Pima eneo la uso. Likiwa limeporomoka, tanuri lilikuwa kali mno na chembe zimeungana. Likiwa vilevile, tuhumu kasoro ndani ya fuwele. Ikiwa kwa urujuanimno uko sawa na kwa mwanga unaoonekana umelala, kasoro si nyingi. Vituo vya naitrojeni ndivyo vilivyonasa tundu.

Kwa kasoro za ndani, punguza naitrojeni kabla ya kufikiria jingine, kisha uchome tena hewani kwa nyuzi 300 hadi 400. Ukizidisha joto au muda naitrojeni itatoroka na unga utarudi mweupe, kwa hiyo toa sampuli kila nusu saa uangalie. Dawa ya kina zaidi ni kusawazisha chaji. Hideki Kato na Akihiko Kudo walifanya hivyo mwaka 2002 kwa kromi na antimoni: kromi ya chaji tatu na antimoni ya chaji tano, wastani wake ni nne, sawa na titani. Fuwele haidaiwi, haipotezi oksijeni.

Kwa metali kanuni ni kuweka kidogo sana. Choi, Termin na Hoffmann walipima ayoni za metali 21 mwaka 1994, na chuma kilifanya vizuri kikiwa nusu asilimia ya atomi. Ukikiona kichocheo cha chuma cha asilimia 5 kikiwa chekundu kama udongo, usitegemee makubwa.

Kuna njia ambayo mimi naipendelea: kuacha fuwele ilivyo na kupandikiza vishada vidogo vya shaba au chuma juu ya uso. Kundi la Kazuhito Hashimoto lilionyesha kwamba mwanga unaoonekana unaweza kuitoa elektroni kwenye ukanda wa valensi wa titani dioksidi moja kwa moja hadi kwenye kishada cha shaba. Tundu linabaki kwenye ukanda wenyewe, na nguvu zake zote.

Pengo limepungua kwenye karatasi tu

Mchoro wa Tauc, unaokadiria pengo la nishati kutokana na umezaji, unapendwa na unatumiwa vibaya. Unga wenye visiwa vya naitrojeni una ukingo uleule wa anatase pamoja na mkia mrefu wa umezaji. Ukichora mstari kwenye mkia utapata 2.4 eV na kuandika kwamba pengo limepungua, ilhali pengo liko palepale. Ukiona mchoro wenye magoti mawili, ripoti yote mawili.

Pengo ni dogo, mwanga unamezwa, majibu hayatokei

Hili huwapata wanaotumia vichocheo vingine, tangsteni trioksidi au bismathi vanadati. Ya kwanza ina pengo kama 2.7 eV, ya pili kama 2.4, zote zinaona buluu vizuri. Tatizo ni kimo cha ukanda wa upitishaji. Kwenye tangsteni trioksidi uko karibu volti +0.5 kwa kigezo cha haidrojeni. Kuipa oksijeni elektroni moja kunahitaji takriban −0.05 au hasi zaidi (kadiri volti ilivyo hasi, ndivyo kimo kilivyo juu), kwa hiyo elektroni hazina pa kwenda. Zinarundikana ndani, matundu yanazifuata, kazi inakufa. Wakati mwingine utaona unga ukiwa na ubuluu: ni elektroni zilizonaswa, unaziona kwa macho.

Tiba ni kuipa oksijeni elektroni mbili kwa mpigo, maana kuigeuza haidrojeni peroksidi kunahitaji +0.68 tu, na hapo tangsteni inafika. Platini kidogo juu ya chembe inafanya kazi hiyo. Ryu Abe na wenzake walilionyesha hilo mwaka 2008. Bismathi vanadati nayo usiidai haidrojeni kutoka kwenye maji, haina kimo hicho. Idai oksijeni, ukiipa nitrati ya fedha ipokee elektroni, na utaona inavyofanya kazi kwa bidii. Kazi isiyowezekana kwa nishati haitawezeshwa na kusaga unga laini zaidi.

Mara ya kwanza nzuri, mara ya tatu imekufa

Kadimi salfaidi ni ya manjano kali, inameza hadi karibu nanomita 515, na inatoa haidrojeni kwa moyo. Lakini matundu yake yasipopata cha kuoksidisha yanaila salfa ya fuwele yenyewe, na kadimi inayeyukia majini. Chuja maji baada ya kazi na pima kadimi kabla ya kulaumu kitu kingine. Mchanganyiko wa salfaidi na salfaiti ya sodiamu unailinda kwa kujitoa mhanga badala yake. Kwa maji ambayo mtu atayanywa, mimi nasema kadimi isitumike kabisa.

Fosfati ya fedha inakufa kwa namna inayoonekana: manjano inatiwa kiza, inakuwa kijivu, kwa sababu elektroni zimeigeuza fedha kuwa metali. Oksidi nyekundu ya shaba nayo inageuka nyeusi.

Kama unga haujabadilika rangi na bado umechoka, inawezekana hauna ugonjwa. Mabaki ya uchafu yameuziba uso. Uoshe, umulike kwa urujuanimno usiku mzima ukiwa kwenye maji safi, upime tena. Na upime uzito! Kila ukimwaga maji baada ya kuzungusha kwenye sentrifyuji, unga kidogo unaondoka nayo. Mizunguko mitano ya namna hiyo inaweza kuonekana kama uchovu wa kichocheo.

Vichocheo viwili vimeunganishwa, matokeo ni mabaya kuliko kimoja

Mara nyingi havijaunganishwa, vimechanganywa tu. Elektroni haiwezi kuruka kati ya chembe mbili zinazopeana mgongo. Kusaga kaboni nitraidi na titani dioksidi kwenye kinu hakutoshi; pasha mchanganyiko kwa nyuzi 400 hivi au uoteshe kimoja juu ya kingine, kisha utafute mpaka wao kwenye darubini ya elektroni. Mpaka ukiwepo na kazi bado ndogo, chunguza kama kimoja kinamfunika mwenzake asipate mwanga wala maji. Kisha punguza kiasi cha kile cha juu.

Maji ya maabara sawa, maji ya kisima hapana

Baikaboneti za majini zinazila radikali za hidroksili, chembe kali zinazovunja uchafu, na kuacha radikali dhaifu zaidi. Fosfati inang'ang'ania uso wa titani dioksidi na kuuziba. Viozo vya mimea vinavyoyapa maji rangi ya chai vinameza urujuanimno kwa nguvu zaidi, lakini vinameza pia buluu, ule mwanga ambao kichocheo chako kinautegemea. Ili kujua mkosaji ni nani, chukua maji safi uyatie baikaboneti kwa kiasi kilekile ulichopima kisimani, uendeshe kipimo. Kisha fosfati peke yake. Kisha yachuje maji ya kisima kwa mkaa hai hadi rangi ya chai iishe, uyapime yalivyo. Kasi ikirudi katika hili la mwisho, unga ni mzima, na kazi iliyobaki ni kuweka chujio la mkaa kabla ya taa.